Wino Mwekundu Juu ya Damu ya Ndinda

Mwanangu, juzi asubuhi nilisimama nyuma yako maabarani bila wewe kujua. Ulichukua kalamu nyekundu, ukaizungushia tarakimu moja duara, kisha ukamwambia mama aliyekaa kwenye benchi, "Mama, damu yako si ya kawaida." Halafu ukaita nambari iliyofuata. Hukumtazama. Mimi nilimtazama. Alifungua fundo la leso yake, akalifunga, akalifungua tena, kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Nilimfuata nje nikazungumza naye hadi akaelewa, kwa hiyo hilo limekwisha. Kisha nikaingia ofisini kwangu, nikafunga mlango, nikakasirika peke yangu hadi chai ikapoa.

Sikukuita siku ile kwa sababu nilijua ningepiga kelele, na kelele za mtu wa umri wangu huwa hazisikilizwi. Huvumiliwa tu hadi ziishe. Nimeona afadhali nikuandikie. Na ili usidhani kwamba nakusema nikiwa nimekaa mahali pa juu, nitakusimulia kuhusu siku ambayo mimi mwenyewe, nikiwa na umri kama wako, niliandika maneno yanayofanana na hayo kwenye karatasi ya msichana mmoja wa Kivaa aliyeitwa Ndinda. Siku hiyo ningali naikumbuka mpaka rangi ya sweta niliyovaa.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Maabara yetu hapa Machakos ilikuwa na vyumba viwili na hadubini tatu, moja ikiwa mbovu. Hatukuwa na mashine hizi mnazozilisha kichupa, zikawatolea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Chembe nyeupe za damu tulizihesabu kwa macho. Unachanganya tone la damu na dawa inayoyeyusha chembe nyekundu, unaliweka kwenye kioo chenye miraba midogo, unainamia hadubini, na kwa kila chembe unayoiona unabofya kidude ulichoshika mkononi. Ukimaliza, shingo inauma na macho yanatoa machozi. Ndipo unapoinua kichwa na kulinganisha hesabu yako na kadi iliyobandikwa ukutani.

Kadi ile! Ilikuja kutoka ng'ambo ndani ya katoni ya dawa za kupimia, nasi tukaibandika ukutani kama watu wengine wanavyobandika kalenda. Ilisema kwamba mtu mzima mwenye afya asiwe na chembe nyeupe chini ya elfu nne kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu. Ni mtu mzima wa wapi? Kadi haikusema. Watu waliohesabiwa hadi kadi ikaandikwa walikula nini, waliishi milimani au bondeni, walizaliwa na nani? Kadi haikusema, na sisi hatukuiuliza. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipima damu ya watu wa Ukambani kwa kuilinganisha na damu ya watu ambao hatujawahi kuwaona, na hakuna aliyeona ajabu.

Isipokuwa mmoja. Mkuu wetu wa maabara, Mzee Nzioka, alikuwa mtu mwembamba aliyebakiza miaka michache kustaafu. Alianza kazi kwa kuosha vichupa, akaosha miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kushika sindano, na hakuwa mtu wa kuchekacheka. Lakini siku ilipofika barua kutoka Nairobi, ikisema kwamba nchi inataka kupata vipimo vyake yenyewe vya damu ya watu wazima, aliisoma kwa sauti mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni badala ya kuiweka kwenye faili. "Hatimaye," akasema, "tutajijua."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Tutafute watu wazima wenye afya, wanaume kwa wanawake, wa mjini na wa vijijini. Tuwaulize maswali yaliyochapwa, tuwapime uzito na presha, tutoe damu, tuihesabu, kisha fomu zote zipelekwe Nairobi zikaunganishwe na za sehemu nyingine za nchi, ijulikane damu ya Mkenya mzima huwa na kiasi gani cha kila kitu. Mimi nilipewa usimamizi wa fomu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na diploma mpya. Diploma hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilidhani kwamba kujua jibu lililoandikwa ni sawa na kujua.

Tulianzia Kyumbi, miongoni mwa wafanyabiashara wa kando ya barabara. Mwuza machungwa mmoja alikunja mikono kifuani akakataa kuketi.

"Hiyo damu mnapeleka wapi?"

"Maabara," nikamjibu.

"Na kutoka maabara?"

"Tukishahesabu, tunaimwaga."

"Mnamwaga!" Akawageukia wenzake. "Jameni, hawa wanatoa mtu damu halafu wanamwaga! Si wangesema tu wanauza, ningeelewa."

Ilibidi Mzee Nzioka atolewe damu yeye mwenyewe mbele ya watu ndipo wakakubali. Na walipokubali, wakapenda soda na mkate tuliokuwa tukiwapa baadaye, hata jamaa mmoja akarudi mara ya pili akiwa amebadilisha kofia. Nilimtambua kwa pamba iliyokuwa bado imebanwa kwenye kiwiko. "Sista," akaniambia bila haya yoyote, "huu mkono mwingine hamjapima." Nilimfukuza kwa ukali. Laiti ukali wangu wote mwaka ule ungemwangukia mtu aliyestahili kama yeye.

Kutoka Kyumbi tulikwenda Kangundo, na kutoka Kangundo, Kivaa. Huko tulikuta kikundi cha mwethya, wale akina mama wanaokwenda shamba hadi shamba wakichimbiana matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Leo wako kwa huyu, kesho kwa yule, na atakayekosa bila sababu atasikia maneno. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja aliyeitwa Susu Kalunde, mwenye sauti iliyoweza kuvuka bonde. Aliwapanga wenzake mstari, mikono ikiwa bado na udongo, akawaambia wasiogope sindano kama watoto.

Katika mstari huo alikuwamo Ndinda. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea jembe. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miaka miwili akingoja, na sasa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu. Barua ya chuo alikuwa nayo pale pale shambani, ndani ya karatasi ya plastiki, kwa sababu alikuwa anaogopa kuiacha nyumbani panya wasije wakaitafuna.

"Dada," akaniambia, "mkishatoa hii damu, si mnaweza kunijazia pia fomu yangu ya chuo? Wanataka daktari aseme niko na afya. Nisisafiri mara mbili."

Nikaiangalia. Ukurasa wa afya ulitaka majibu ya maabara, kisha saini ya daktari. Alitakiwa kuripoti chuoni baada ya wiki tatu, na barua ilisema wazi kwamba asiyeripoti siku hiyo, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha.

"Tutaijaza," nikamwambia. "Uje Machakos wiki ijayo uichukue, uipeleke kwa daktari."

"Asante. Na hiyo damu chukueni mingi tu, msione aibu. Ile itabaki nitafundishia."

Wenzake wakacheka. Susu Kalunde akadakia, "Huyu ndiye mwalimu wetu. Akienda, mtaro wake nani atachimba? Mchukueni, lakini mtuachie huyu msichana wa sindano badala yake, ingawa huo mkono wake naona haujui jembe."

Jioni ile niliihesabu damu ya Ndinda. Ikatoka elfu tatu na mia mbili. Nikainua kichwa, nikaitazama kadi, nikachukua kalamu nyekundu. Kwenye fomu yake ya chuo nikaandika: *Chembe nyeupe ziko chini ya kawaida.* Nikapiga mstari chini ya maneno hayo kwa rula, ili unyooke. Naam, mwanangu, kwa rula.

Lakini hilo halikuwa kosa langu lote. Fomu za uchunguzi nazo zilikuwa mbele yangu, na barua ya Nairobi ilisema tunataka watu wenye afya. Nikajiuliza, mtu aliye chini ya elfu nne ana afya gani? Kadi inamkataa. Basi nikazitoa fomu zote za walio chini ya elfu nne, moja baada ya nyingine, nikazitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika juu yake *Wasiofaa*. Bahasha ilinenepa. Hata iliponenepa hadi ikawa haifungiki, sikushtuka. Nilisema moyoni kwamba watu wa huku kweli wana maradhi mengi, na kwamba ni bahati wamepata mtu makini wa kuwachuja.

Unaona nilichokuwa nikifanya? Tulitumwa tukaitafute kawaida yetu, nami nilikuwa nikimfukuza kila asiyefanana na kawaida ya wenye kadi. Wangebaki wale tu wanaofanana nayo. Nairobi wangezijumlisha fomu nilizowabakizia, wangepata elfu nne, wangeshangaa jinsi kadi ilivyosema kweli, na damu yote tuliyowatoa watu tungekuwa tumeimwaga bure, kama alivyohofia yule mwuza machungwa. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu nililifanya kwa bidii.

Wiki iliyofuata Ndinda alikuja. Alipewa fomu yake, akaisoma kwenye benchi, kisha akarudi dirishani kwangu akiwa nayo mkononi.

"Dada, hii 'chini ya kawaida' ni nini?"

"Ni chembe nyeupe. Uko nazo kidogo."

"Lakini mimi si mgonjwa."

"Mtu anaweza kuwa mgonjwa na asijue."

"Juzi nimechimba mtaro kutoka asubuhi. Jana nimepanda na maji kutoka mtoni mara tatu. Ni ugonjwa gani huo unaniacha nachimba?"

"Mimi nasoma tu kipimo," nikamwambia. "Muulize daktari."

Mimi nasoma tu kipimo. Sentensi hiyo nimeisikia tangu wakati huo katika vinywa vya vijana wasiohesabika, na kila nikiisikia natamani kutupa kitu. Mtu anayesoma tu kipimo tunamlipa mshahara wa nini?

Daktari wa zamu alikuwa na foleni hadi uani. Aliona wino mwekundu, akaona mstari wa rula, akaandika: *Achunguzwe zaidi kabla ya kuthibitishwa.* Na katika miaka ile, mwanangu, hakuna aliyehitaji kuelezwa "zaidi" maana yake nini. Ulikuwapo ugonjwa mmoja tu uliokuwa ukisemwa kwa sauti ya chini, na wote walijua kwamba unakula chembe nyeupe. Damu ya kipimo hicho ilipelekwa Nairobi, na majibu yalichukua wiki tano au sita. Ndinda alikuwa amebakiza mbili.

Alikubali kutolewa damu tena. Hakulia. Alichouliza ni kama chuo kingemngoja.

Siku chache baadaye Mzee Nzioka alikuja kukagua fomu kabla ya kuzipeleka. Akazipima kwa mkono. "Mbona nyepesi?" Kisha akaiona bahasha.

"Mwende, kuja hapa. Hawa 'wasiofaa' hawafai nini?"

Nikamweleza kwa ufasaha wote wa diploma. Alinisikiliza hadi mwisho, na hiyo ilikuwa ishara mbaya, kwa maana kwa kawaida hakuwa na subira ya kusikiliza hata robo.

"Hawa ulijuaje ni wagonjwa?"

"Kwa hesabu, Mzee. Wako chini."

"Chini ya nini?"

Nikaonyesha kadi.

"Na tunafanya uchunguzi huu wa nini?"

Nikaitazama tena kadi.

"Si ni ili tujue kama hiyo kadi inatufaa?" akasema. "Sasa wewe umeifanya kadi iwe hakimu wa kesi yake yenyewe! Hawa watu uliwauliza kama wanalala vizuri?"

"Ndiyo."

"Wanakula? Wanafanya kazi? Hawana homa, hawana kikohozi, hawanywi dawa?"

"Ndiyo, Mzee. Yote yako kwenye fomu."

"Basi hao ndio wazima wetu! Mtu hutambuliwa kuwa mzima kwanza, halafu ndio unahesabu damu yake, unaiandika kama ilivyo. Wewe umeanza na mkia." Akavuta pumzi. "Hebu niletee fomu yako."

Sisi wafanyakazi tulikuwa tumepimwa kabla ya kila mtu. Nilimletea fomu yangu, nikijua kilichomo. Pembeni mwa fomu kulikuwa na hesabu tatu, kwa mwandiko wangu huo mzuri. Ya kwanza, elfu tatu na mia nne, nimeikata. Ya pili, elfu tatu na mia saba, nimeikata. Ya tatu, elfu nne na mia moja. Hiyo nimeiandika kwenye nafasi yake.

Mzee Nzioka aliweka kidole juu ya zile zilizokatwa. "Ulihesabu yako mara tatu."

"Nilidhani nimekosea, Mzee."

"Na hawa wa bahasha, ulihesabu mara ngapi?"

"Mara moja."

Hakunipigia kelele. Alivua miwani, akaisugua kwa koti lake, akasema kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Yako ikitoka chini, hesabu ina kasoro. Ya mwanamke wa Kivaa ikitoka chini, mwanamke ndiye ana kasoro." Kisha akavaa miwani. "Kuna yeyote kati ya hawa ambaye karatasi yake imetoka nje ya chumba hiki?"

Nikamwambia kuhusu Ndinda. Ndipo akapiga kelele.

Tulikwenda kwa daktari tukiwa wawili. Mzee Nzioka alieleza yote. Daktari alikuwa kijana mwadilifu aliyechoka, na alimsikiliza kwa heshima.

"Mzee, mimi nakuamini," akasema. "Lakini niko na nini cha kuonyesha? Kadi yenu ndiyo hiyo hiyo imebandikwa hata hapa kwangu. Maabara yako imeandika kwa wino mwekundu kwamba si kawaida. Nikisaini leo, kesho akiwa kweli mgonjwa wataniuliza mimi, hawatamuuliza huyu msichana. Majibu ya Nairobi yakija safi, nasaini siku hiyo hiyo."

"Yakija, chuo kitakuwa kimefungua."

"Najua, Mzee. Pole."

Nilimchukia, lakini leo siwezi kusema alikosea. Alitumia kipimo nilichompa.

Kesho yake Mzee Nzioka aliniamuru nipande Land Rover, twende Kivaa nikaseme mwenyewe. Tulikuta mwethya wanachimba kwenye mteremko mwingine. Ndinda alikuwa mwisho wa mstari, akichimba kwa nguvu kuliko wote. Saa ya kupumzika ilipofika, uji ukaletwa, na kikombe kimoja kikubwa cha bati kikaanza kupita kutoka mkono hadi mkono, kama ilivyo desturi yao. Kilipomfikia jirani yake Ndinda, jirani akanywa, akakirudisha kilikotoka. Ndinda akatoa kwenye mkoba wake kikombe kidogo cha plastiki, akajimiminia mwenyewe, akanywa akiwa amewapa mgongo.

Mzee Nzioka alinitazama. "Huo wino wako umetutangulia kufika," akasema.

Nikasimama mbele yao. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwamba nilikosea, kwamba Ndinda ni mzima. Nilisema vizuri, kwa utaratibu.

"Wewe ndiye ule msichana wa sindano?" akauliza Susu Kalunde.

"Ndiyo, Susu."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Na ile karatasi uliandika baada ya kusoma?"

"Ndiyo."

"Sasa ile uliandika ndiyo makosa, na hii unatuambia kwa mdomo ndiyo kweli?" Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Lete karatasi. Kama karatasi ilimharibia, karatasi ndiyo itamtengeneza. Maneno hata sisi tuko nayo."

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na pole tu. Akanisogezea jembe lake, akaniambia kama nimekuja mikono mitupu basi nisirudi bila kazi. Nilichimba. Pale pale wote wakaona kwamba mwenye damu iliyokubaliwa na kadi hakuweza kufika hata nusu ya kipande alichokwisha kuchimba yule mgonjwa wao. Wengine walicheka. Ndinda hakucheka, wala hakuniangalia.

Siku ya kuripoti ikapita. Majibu kutoka Nairobi yakaja wiki ya tatu baada ya hapo, safi kabisa, na daktari akasaini siku hiyo hiyo kama alivyoahidi. Mzee Nzioka aliandika barua ya kurasa mbili kwa chuo, nami nikaipeleka kwa mkono wangu. Karani wa chuo alikuwa mpole. Alinionyesha orodha. Jina la Ndinda lilikuwa limekatwa, na juu yake limeandikwa jina la mtu mwingine, ambaye wakati huo alikuwa darasani, na ambaye hakuwa na kosa lolote. Akanishauri Ndinda aombe tena mwaka ujao.

Fomu zote zilikwenda Nairobi, pamoja na zile za bahasha, na yangu ikiwa na hesabu ya kwanza iliyorudishwa mahali pake. Tulingoja sana. Vipimo vipya viliporudi, mpaka wa chini wa chembe nyeupe ulikuwa umeshuka mbali chini ya elfu nne, na Ndinda alikuwa ndani yake kwa raha, mimi pia, na karibu kila mtu niliyekuwa nimemwandika kuwa hafai. Mzee Nzioka aliipiga chapa kadi mpya kwa vidole viwili, akaibandua ile ya zamani kwa kisu kidogo, akaweka hii. Kisha akaenda kuosha vichupa, kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa miaka ishirini.

Ndinda alikuja tena mwaka uliofuata, na fomu mpya. Nilimhudumia mwenyewe. Nilihesabu mara mbili, nikaandika kwa wino wa buluu, nikampa karatasi mkononi. Ndipo nikamwambia niliyotaka kumwambia mwaka mzima: kwamba nilikosea, kwamba naomba anisamehe, kwamba haitatokea tena kwa mtu mwingine.

Aliisoma karatasi polepole, mstari kwa mstari, kama mtu aliyefunzwa na shida kutoamini karatasi. Akaikunja.

"Pole yako nimeichukua, dada," akasema. "Ule mwaka wangu ndio sijaona mtu akiuleta."

Akaenda. Akawa mwalimu, na nasikia ni mwalimu mkali. Sijawahi kumwona tena. Mzee Nzioka alistaafu, na mimi nikakaa kwenye kiti chake, na hasira yake nayo nikairithi, kama unavyoona.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimechoka kurudia. Unapoandika "si ya kawaida", ujue kwamba kawaida si kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Ni watu waliohesabiwa mahali fulani, na mtu fulani, na huenda kwa uzembe fulani. Uliza ni watu gani. Ikiwa huyu aliye mbele yako hafanani nao, hilo pekee si ugonjwa. Mtazame kabla ya kuitazama damu yake: anatembeaje, anakohoa, amekonda, anafanya kazi gani, anasema nini juu ya mwili wake. Yeye ameishi ndani yake miaka yote. Wewe umepata matone machache tu. Hesabu ikikushangaza, ishuku hesabu kwanza, na uishuku kwa mgeni kama ambavyo ungeishuku kwa nafsi yako. Tena usimtoe mtu kwenye hesabu kwa sababu anaiharibu; mara nyingi huyo ndiye mtu uliyetumwa kumtafuta. Na ukishajua kwamba umekosea, usisubiri barua, wala usitume mtu. Nenda mwenyewe, mapema, na uende na karatasi, kwa sababu kosa linalosafiri kwa maandishi halishikwi na maneno ya mdomo. Hata hivyo, ujue kwamba kuna kitu hutakirudisha. Mtu anaweza kukusamehe na bado ukawa unadaiwa mwaka.

Sisemi haya ili uogope kazi. Anayeogopa naye huumiza watu, kwa kuchelewa. Nataka uifanye kwa ukamilifu wake, pamoja na ile sehemu ambayo mashine haiwezi kukufanyia, yaani kuinua uso.

Mungu akujalie mkono mwepesi kwenye sindano na mzito kwenye kalamu. Akujalie macho yasiyochoka mapema na moyo usiojiamini kupita kiasi. Wanaokuja kwako na hofu waondoke na ukweli, wala wasiondoke na hofu mpya. Na siku ambayo utakaa kwenye benchi hilo wewe mwenyewe, kama tutakavyokaa sote, damu yako ihesabiwe na mtu aliyekutazama kwanza.